Faili la Fidia Lina Kazi ya Pili

Mwaka 1993 ofisi ndogo ya wakaguzi wa usalama kazini katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, ilibadili namna yake ya kuchagua pa kwenda. Maine ni nchi ya magogo, viwanda vya karatasi na karakana za meli, na wakati huo ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoongoza kwa watu kuumia kazini. Wakaguzi walikuwa wametoza faini za mamilioni ya dola, na bado majeruhi hawakupungua. Ndipo mkuu wa ofisi hiyo, William Freeman, na wenzake walipoziendea taarifa zilizokuwa zimejaa siku zote katika makabati ya serikali ya jimbo: madai ya fidia. Wakayapanga kwa mwajiri, wakachukua waajiri 200 wa juu. Hao 200 walikuwa kama asilimia 1 tu ya waajiri wa Maine, lakini walibeba karibu asilimia 45 ya majeruhi wote.

Kila mmoja alipewa njia mbili za kuchagua. Ya kwanza: kagueni wenyewe maeneo yenu pamoja na wafanyakazi wenu, andikeni mpango wa kuondoa hatari mtakazozikuta, tuleteeni taarifa ya utekelezaji, nasi tutawaweka nyuma katika ratiba ya ukaguzi. Ya pili: subirini ukaguzi kamili. Waajiri wote isipokuwa wawili walichagua ya kwanza. Ndani ya miaka miwili walikuwa wameorodhesha wenyewe hatari zaidi ya mara 14 ya zile ambazo wakaguzi wangeweza kuziandikia hati, na karibu sita katika kila kumi walikuwa wameshusha kiwango cha ajali.

Mafanikio hayo yana mipaka yake. Orodha ilipangwa kwa idadi ya majeruhi, na waajiri hao 200 walikuwa na takriban asilimia 30 ya wafanyakazi wa jimbo zima. Kwa mpangilio huo kiwanda kikubwa kitaingia hata kama si kibaya kuliko wenzake, na kiwanda kidogo cha mbao kinachokata vidole vya watu kila mwaka hakitaonekana kamwe. Tena, ukimchagua mtu kwa sababu mwaka wake ulikuwa mbaya kupita kawaida, mwaka unaofuata ataelekea kuonekana afadhali hata kama hakufanya lolote. Na serikali ya shirikisho ilipojaribu kuueneza mpango huo nchi nzima, chama cha wafanyabiashara kilikwenda mahakamani, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaubatilisha kwa kuwa haukupitishwa kwa utaratibu wa kutunga kanuni. Pamoja na hayo yote, Maine ilionyesha kuwa karatasi iliyoandikwa ili bili ya hospitali ilipwe inaweza kumwonyesha mkaguzi mlango wa kubisha kesho asubuhi.

Tanzania Bara inazo karatasi za aina hiyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Julai 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kukusanya michango ya waajiri. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria iliyorithiwa kutoka ukoloni, ambayo hadi miaka yake ya mwisho iliweka ukomo wa Sh 108,000 kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu na Sh 83,000 kwa familia ya aliyefariki. Mtu aliyepoteza mkono alikuwa akitumia nauli nyingi kufuatilia hizo hela kuliko alichopata. Leo majeruhi asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa kipindi kinachoweza kufika miezi 24, matibabu yanalipwa, na mwenye ulemavu mkubwa wa kudumu hupata pensheni.

Kuna jambo hapa ambalo wachambuzi wa takwimu wasipolishika watapotoka tangu mwanzo. Fidia ikiwa ndogo, hakuna anayedai; na pasipo madai, nchi huonekana salama. Fidia ikiwa ya maana, watu hudai, na ghafla majedwali hujaa ajali. Kwa hiyo ongezeko la madai katika miaka ya kwanza ya mfuko wowote si ushahidi kwamba kazi zimekuwa za hatari zaidi. Linaweza kuwa habari njema kabisa: wafanyakazi wamejua haki yao, madaktari wamejifunza kujaza fomu, maofisa utumishi wameacha kuficha. Nasisitiza hili kwa sababu inamvutia sana kiongozi kusimama jukwaani na kusema ajali zimeongezeka, au zimepungua, kwa kutazama idadi ya madai peke yake. Idadi hiyo ni zao la mambo mawili, kuumia na kuripoti, na hakuna njia ya kuyatenganisha kwa kuitazama yenyewe tu.

Basi tufungue faili moja tuone lina nini. Ajali ikitokea, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba. Fomu itaeleza nani ameumia, ana umri gani, anafanya kazi gani, mshahara wake ni kiasi gani, ajali ilitokea saa ngapi na wapi, kiungo kipi kimeumia. Daktari ataandika yake. Na mahali fulani katikati kutakuwa na nafasi ya mistari michache ya kueleza ajali ilivyotokea. Mistari hiyo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote kwa anayetaka kuzuia ajali ijayo, na ndiyo inayojazwa kwa haraka kuliko yote.

Chukua shamba la mkonge, kwenye korona, mashine ya kusindika majani ya mkonge. Kibarua anayelisha majani ameshikwa mkono na mashine. Fomu ya kwanza inaweza kusomeka: "Mfanyakazi hakuwa makini, mkono ukaingia kwenye mashine." Fomu ya pili, kwa ajali ileile, inaweza kusomeka: "Majani yalikwama. Mfanyakazi alijaribu kuyavuta kwa mkono mashine ikiwa inazunguka. Kinga ya mdomo wa mashine iliondolewa wiki iliyopita ili kuongeza kasi. Swichi ya kuzimia iko upande wa pili wa jengo." Mfuko utalipa kiasi kilekile kwa fomu zote mbili, maana fidia hii haiulizi nani mkosaji. Lakini fomu ya kwanza imekufa siku ileile ilipoandikwa. Ya pili inaweza kupelekwa kwenye kila shamba lenye korona kuanzia Korogwe hadi Kilosa, na ikawafanya watu waende kutazama swichi yao iko wapi.

Suala la nani anaandika mistari hiyo lina historia ndefu na chungu. Mwaka 1931 Herbert William Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima ya Travelers huko Marekani, alichapisha kitabu kuhusu kuzuia ajali viwandani. Alikuwa amepitia kumbukumbu 75,000 za ajali, nyingine kutoka majalada ya madai ya bima na nyingi zaidi kutoka kwa wenye viwanda. Hitimisho lake likawa kwamba asilimia 88 ya ajali husababishwa na matendo yasiyo salama ya watu, asilimia 10 na mazingira mabovu, na asilimia 2 haziepukiki. Namba hizo zilifundishwa vyuoni na kwenye semina za usalama kwa miongo mingi, na hadi leo utakutana nazo kwenye mabango ya makampuni, Dar es Salaam na Nairobi pia. Kila anayetaka kumlaumu mfanyakazi ana asilimia 88 mfukoni.

Lakini maelezo ya chanzo katika kumbukumbu zile yaliandikwa na nani? Kwa sehemu kubwa na wasimamizi wa kazi. Msimamizi ndiye aliyeharakisha zamu, ndiye aliyeruhusu kinga itolewe, na sasa ndiye anayeulizwa kwa nini mtu ameumia. Haihitaji nia mbaya ili aandike "uzembe". Ni jibu fupi, halimgharimu chochote na linafunga mjadala. Heinrich alihesabu majibu hayo 75,000 na kuyaita sababu za ajali.

Miaka zaidi ya 20 kabla yake, mwanamke mmoja alikuwa amepita njia nyingine. Crystal Eastman, mwanasheria kijana, alikwenda Pittsburgh na kuchunguza vifo 526 vya kazini vilivyotokea katika wilaya ya Allegheny ndani ya mwaka mmoja, kuanzia Julai 1906 hadi Juni 1907. Alianza na kumbukumbu za uchunguzi wa vifo, kama ambavyo yeyote angeanza, lakini hakuishia hapo. Alikwenda kwa wajane, kwa wafanyakazi wenzao na marehemu, kwa waajiri. Kule viwandani aliambiwa kwamba karibu ajali zote zinatokana na watu kutojali. Alipopima kesi moja baada ya nyingine, dai hilo halikusimama. Kitabu chake cha mwaka 1910 kilisaidia kufungua njia ya sheria za fidia katika majimbo ya Marekani.

Eastman na Heinrich walitazama nchi moja na viwanda vya aina moja. Kilichowatofautisha ni waliyemuuliza. Kila mfuko wa fidia duniani leo unarithi uchaguzi huo bila kujua, kila unapochapa fomu yenye nafasi ya maelezo ya mwajiri na usipoweka nafasi ya maelezo ya aliyeumia.

Tuseme mistari ile imejazwa vizuri. Nani ataisoma? Mfuko unaopokea maelfu ya taarifa hauwezi kumweka mtu asome kila moja na kuipanga: kuanguka kutoka juu, kushikwa na mashine, kuinua mzigo, kugongwa na gari, kuchomwa na kemikali. Kwa muda mrefu hilo lilikuwa kisingizio halali. Huko Ohio, ambako fidia inaendeshwa na mfuko mmoja wa serikali ya jimbo, watafiti wa taasisi ya taifa ya usalama na afya kazini, NIOSH, waliifundisha kompyuta kusoma maelezo hayo mafupi kwa kuipa kwanza maelfu ya mifano iliyopangwa na binadamu. Kompyuta ikawa inapanga kwa usahihi unaokaribia wa mtu, na pale inapokuwa na shaka inamrudishia mtu aamue. Mbinu yenyewe ya hesabu ni ya zamani na si ghali. Kwetu kazi ingekuwa kuifundisha Kiswahili cha kazini, chenye foklifti, jukwaa, winchi, mtambo na "mzigo ulimlalia", tena katika fomu ambazo nusu yake zimejazwa Kiingereza cha ofisini. Hiyo ni kazi inayowezekana kabisa kwa chuo kimoja na wanafunzi wachache wa shahada ya uzamili, endapo Mfuko utawapa maelezo yaliyoondolewa majina.

Ohio hiyohiyo ilitumia madai kujibu swali jingine, ambalo kwa maoni yangu ni gumu zaidi: je, tulichofanya kimesaidia? Mfuko wake ulikuwa ukiwapa waajiri ruzuku ya kununua vifaa vya kupunguza hatari, kwa masharti kwamba mwajiri naye achangie. Watafiti walifuatilia waajiri 468 waliopata ruzuku hiyo na kulinganisha madai ya wafanyakazi waliohusika kabla na baada. Idadi ya madai ilishuka kwa asilimia 66 na gharama kwa kila mfanyakazi kwa asilimia 81. Hapa pia onyo la Maine linahusika, kwa kuwa anayeomba ruzuku mara nyingi ndiye aliyetoka kupata ajali. Hata hivyo ni mara chache sana programu ya usalama hupimwa kwa kipimo chochote. Kwa kawaida tunahesabu semina zilizofanyika na fulana zilizogawiwa.

Kuna mara nyingine data za fidia huonyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta. Jimbo la Washington, upande wa Pasifiki, nalo lina mfuko mmoja wa umma, na mfuko huo hulipia dawa za majeruhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari mkuu wake, Gary Franklin, na wenzake waliona kuwa baadhi ya watu walioletwa na maumivu ya mgongo au bega walikuwa wanakufa. Walikuwa wamepewa dawa kali za kutuliza maumivu, za jamii ya afyuni, kwa dozi zilizokuwa zikipanda mwaka hadi mwaka. Katika madai ya miaka iliyotangulia walihesabu vifo 32 vya kuzidisha dozi pasipo kukusudia, vilivyohusishwa kwa uhakika au kwa uwezekano na dawa hizo walizoandikiwa, na mwaka 2005 wakachapisha. Hiyo ilikuwa miongoni mwa ishara za mapema za janga ambalo baadaye liliua watu wengi mno Marekani. Ishara ilitoka kwenye ofisi ya fidia kwa sababu ofisi hiyo ndiyo iliyokuwa na mwanzo na mwisho wa kisa mahali pamoja: mtu alivyoumia, alichopewa, na alivyofariki. Mwaka 2007 Washington ikatoa mwongozo uliowataka madaktari wasivuke dozi fulani bila kushauriana na mtaalamu wa maumivu.

Sasa turudi kwenye kosa la orodha ya Maine, kwa sababu Washington ililitafutia dawa rahisi. Kitengo cha utafiti cha idara ya kazi ya jimbo hilo kilipanga sekta zote mara mbili. Mara ya kwanza kwa idadi ya madai: sekta yenye majeruhi wengi ya kwanza, inayofuata ya pili. Mara ya pili kwa kiwango: majeruhi kwa kila idadi fulani ya wafanyakazi. Kisha kila sekta ikapewa wastani wa nafasi zake mbili. Sekta iliyo ya 3 kwa idadi na ya 7 kwa kiwango inapata 5, na inaitangulia ile iliyo ya 1 kwa idadi lakini ya 40 kwa kiwango. Hakuna hesabu ngumu hapo. Mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Lakini inalazimisha macho kutazama mahali ambapo watu ni wengi na hatari ni kubwa kwa pamoja, ambako ndiko juhudi moja ya mkaguzi inaokoa wengi.

Kiwango, hata hivyo, kinahitaji kigawanyo, na hapo ndipo mifuko mingi hukwama. WCF inajua jumla ya mishahara ya kila mwajiri, kwa kuwa mchango unatozwa kwa asilimia ya mishahara hiyo. Ukigawanya madai kwa mishahara utapata picha iliyopinda. Mgodi mkubwa wa dhahabu unalipa vizuri, kwa hiyo madai yake yakigawanywa kwa mabilioni ya mishahara yataonekana machache. Kampuni ya ulinzi inalipa kidogo, kwa hiyo madai yaleyale kwa watu walewale yataonekana mengi. Tutakuwa tunapima ujira na kuuita hatari. Kinachotakiwa ni hesabu ya vichwa, na bora zaidi saa za kazi. Ohio, ilipokosa namba hiyo katika madai, iliichukua kwenye kumbukumbu za bima ya ukosefu wa ajira. Kwetu Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, una orodha za wanachama mwezi kwa mwezi na mamlaka ya mapato inapokea orodha za makato ya kodi. Kuziunganisha ni suala la makubaliano kati ya taasisi, na makubaliano hayo yanastahili kusukumwa kwa nguvu zote.

Vigezo vya kuingia kwenye rekodi navyo hupotosha ulinganisho. Ujerumani ajali huripotiwa kisheria pale mtu anapokosa kazi kwa zaidi ya siku tatu. Ohio dai huhesabiwa la kupoteza muda kuanzia siku nane. Yeyote anayeweka nchi mbili kwenye jedwali moja bila kutazama vizingiti hivyo analinganisha sheria zao tu.

Halafu kuna ukimya, na ukimya huu ndio unaonisumbua kuliko mapungufu mengine yote. Kenneth Rosenman na wenzake katika jimbo la Michigan waliunganisha taarifa za fidia na vyanzo vingine, na mwaka 2006 wakaonyesha kuwa takwimu rasmi za taifa zilikosa zaidi ya nusu ya majeruhi na wagonjwa wa kazini wa jimbo hilo. Hiyo ni nchi yenye ofisi kila mtaa. Sababu moja ni namna bima inavyotozwa. Marekani kampuni yenye madai mengi hupandishiwa malipo, na nia ni njema: mwenye hatari aone uchungu wake mfukoni. Matokeo yake hugawanyika. Mwajiri mmoja hununua kinga za mashine. Mwingine humlipa majeruhi pembeni, humpa kazi ya kukaa getini ili asihesabiwe, au hutangaza zawadi kwa idara itakayomaliza mwezi bila ajali, na aliyevunjika kidole huona aibu kuwanyima wenzake zawadi.

Tanzania imefuata njia nyingine. Mchango wa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ukashuka hadi 0.6, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5 sawa na sekta ya umma. Benki na machimbo ya mawe wanalipa kiwango kimoja. Wapo wanaoliona hilo kama kasoro, kwamba mwenye usalama anambeba mwenye uzembe, na hoja yao ina uzito. Lakini kwa upande wa data ni faida: mwajiri haongezewi mchango kwa kuripoti. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kukimbilia viwango tofauti kwa kila mwajiri, tutumie miaka hii kujenga rekodi zinazoaminika. Rekodi zikishaharibiwa na hofu ya bei ni vigumu kuzirudishia uaminifu wake.

Na bado kiwango kimoja hakimfikii kibarua. Fundi anayepanda jukwaa la mirunda Kariakoo kwa malipo ya siku, kijana wa bodaboda, mchimbaji mdogo wa tanzanite, hawamo kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote. Machi 2008 mvua kubwa zilijaza mashimo ya Mererani na makumi ya wachimbaji wakafa humo; mwaka 1998 yalikuwa yametokea maafa kama hayo mahali palepale. Mfuko wa fidia uliojengwa juu ya mkataba wa ajira usingeona hata mmoja wa watu wale. Kwa hiyo jedwali likionyesha kuwa uchimbaji mdogo una madai machache kuliko uhasibu, lisomwe kinyume chake. Sekta ambayo hospitali za wilaya zinaona mifupa iliyovunjika na Mfuko hauoni chochote, hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Maradhi yana ukimya wa aina nyingine. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa watu milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi, na katika hao milioni 2.6 huuawa na maradhi. Ajali huchukua kama 330,000. Madai ya fidia yamegeuza uwiano huo juu chini, maana ajali ina tarehe na mashahidi, na vumbi halina. Mchimbaji anavuta vumbi la mwamba miaka kumi, anaacha kazi, anarudi kijijini, anaanza kukohoa, anatibiwa kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, inawajua wagonjwa wa namna hiyo vizuri. Swali "uliwahi kufanya kazi wapi?" likiulizwa pale na jibu lake likafika kwa Mfuko na kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, tutakuwa na data ya maradhi. Lisipoulizwa, hakuna programu ya kompyuta itakayolibuni.

Kenya ina sura yake. Sheria ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akate bima kwa kampuni binafsi, na baada ya mvutano mrefu Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Majalada yametawanyika kwa makampuni ya bima yanayoshindana, na kila moja linaona madai yake kuwa siri ya biashara. Wengi huamua hapo kwamba bila mfuko mmoja wa taifa hakuna data. Maine inawapinga: huko pia bima ni za makampuni binafsi, lakini taarifa ya kwanza ya kila ajali ililazimika kufika kwenye bodi moja ya jimbo, na ofisi ya takwimu ikaipanga. Idara ya usalama kazini ya Kenya, DOSHS, tayari inapokea taarifa za ajali kisheria. Inayotakiwa ni fomu moja, ya kielektroniki, yenye vipengele vilevile kwa wote.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi tangu sheria ya Bismarck ya Julai 1884. Vyama vya bima ya ajali, kimoja kwa kila tasnia, vinalipa fidia na vilevile vina wakaguzi wao wenye mamlaka ya kuingia kiwandani. Anayelipa pensheni ya mkono uliokatwa ndiye anayekwenda kutazama mashine iliyoukata. Hapa kwetu WCF na OSHA ni taasisi mbili, kila moja na mfumo wake. Sioni haja ya kuziunganisha. Ila kila taarifa ya ajali mbaya iingiayo WCF inapaswa kuonekana OSHA siku hiyohiyo, na kila hati ya ukaguzi ya OSHA iwe inaonekana WCF, ili baada ya miaka mitatu tuweze kuuliza kama mahali palipokaguliwa pamekuwa na majeruhi wachache.

Na kuna wa tatu anayepaswa kuziona taarifa hizi: mfanyakazi mwenyewe. Sheria inataka wawakilishi wa usalama na afya mahali pa kazi, na wengi wao hawajawahi kuona hata jedwali moja linalohusu kazi yao. Wapewe, kwa Kiswahili, karatasi moja kwa mwaka kwa kila sekta: mwaka huu katika viwanda vya mbao watu wameumia namna hii, saa hizi, kwenye mashine hizi, na hivi ndivyo ilivyokuwa kabla ya ajali. Majina ya majeruhi yasiwemo, na pale ambapo kisa ni kimoja tu kisitajwe mji, maana mtu mmoja aliyekatwa mkono katika mji mdogo anajulikana na kila mtu. Vyama vya wafanyakazi kama TPAWU mashambani na TAMICO migodini na kwenye ujenzi vina matawi ya kuifikisha karatasi hiyo hadi kwenye zamu. Fomu ya taarifa nayo iongezewe vipengele vitatu: kama kinga ya mashine ilikuwepo siku hiyo, kama aliyeumia aliajiriwa moja kwa moja au kupitia wakala, na mistari mitano ya maelezo yake mwenyewe, ayaandike au amsimulie mtu wa kumwandikia, bila msimamizi kuwepo.